Kamba Watawa wa Mama Saba

TOAI: Haloo? Nani mwenzangu?

MAMA SABA: Mimi.

TOAI: Mimi nani? Sauti inakatika—

MAMA SABA: Saba!

TOAI: Saba yupi? Humu kwenye simu nina akina Saba watatu. Kila nyumba ina mtoto wa saba.

MAMA SABA: Na mla mboga ni yupi kati yao? Mwenye mabwawa ya kamba? Aliyekufulia soksi miezi minne, zinanuka mpaka bata wanakimbia—

TOAI: Mama Saba! Shikamoo! Nisamehe jamani, namba hii siijui.

MAMA SABA: Marahaba. Laini mpya. Binti yangu kaniwekea vocha juzi, sijui imebaki kiasi gani.

TOAI: Basi kata, nikupigie mimi.

MAMA SABA: Usikate! Ukikata sitapokea, na sitapiga tena. Najijua.

TOAI: [Anacheka.] Haya, sikati. Uko wapi, mbona makelele?

MAMA SABA: Jikoni. Leo si kumbukumbu ya marehemu mume wangu? Mwaka wa tatu huu. Nyumba imejaa. — Karibuni, piteni mbele, viatu acheni hapo hapo! — Nimewapikia nguruwe kwa maji ya dafu, na samaki wa ukwaju. Mwenyewe nina kibakuli changu cha tofu ya soya pembeni.

TOAI: Leo? Loo, Mama. Nimesahau kabisa. Ilitakiwa nije nimwashie mzee ubani.

MAMA SABA: Utawasha mwakani. Hata mimi sijawasha.

TOAI: Saa nne hii? Wageni wameshakaa na ubani haujawashwa?

MAMA SABA: Mkono hautaki.

TOAI: Unaumwa? Ule mkono wa kuvutia ungo wa chakula bwawani?

MAMA SABA: Ndio huo. Lakini hauumi. Sikiliza, mwanangu, kuna jambo—

TOAI: Mama, hapa nilipo ukiniona utacheka. Nimevaa tai! Niko kwenye korido ya ukumbi, hapa Bac Lieu mjini. Watu mia mbili na zaidi. Wafugaji wa kamba wa wilaya nzima, na wakubwa wa mkoa, na mwalimu wangu wa chuo. Nimebakiza mtu mmoja, kisha naitwa mimi kusoma utafiti wangu.

MAMA SABA: Ndiyo maana nimepiga. Binti kaniambia ni leo.

TOAI: Na nani kakaa mstari wa mbele? Kisia.

MAMA SABA: Sitaki kukisia, Toai.

TOAI: Baba! Katoka Ganh Hao alfajiri kwa basi. Kaazima shati kwa jirani, kola inamkaba, kakaa wima kama anapigwa picha. Baba yangu hajawahi kuingia ukumbi wenye viti vya kitambaa. Anamwambia kila aliye karibu, "Mwanangu ndiye atakayesema jinsi ya kuacha kuwasaga samaki wetu."

MAMA SABA: Anasema hivyo?

TOAI: Hivyo hivyo. Na karatasi zimeshagawiwa. Ukurasa wa nne, Mama! Bwawa lako. Bwawa la kwanza, chakula cha unga wa samaki, mstari mwekundu. Bwawa la pili, soya tupu, hata punje ya samaki hamna, mstari wa kijani. Imekwenda bega kwa bega mpaka siku ya kuvua. Kamba hamsini kwa kilo, kote kote. Na chini, unajua kumeandikwa nini?

MAMA SABA: Nini?

TOAI: "Mwenye bwawa: Bi Huynh Thi Suong."

MAMA SABA: Suong.

TOAI: Jina lako.

MAMA SABA: Nalijua jina langu, mtoto we. Ila tangu nizaliwe naitwa Saba. Hata marehemu, siku ya harusi, aliniita Saba. Nililiona mara ya mwisho kwenye kitambulisho. Limechapwa?

TOAI: Kwa wino. Watu mia mbili wanalo mkononi sasa hivi.

MAMA SABA: Mungu wangu.

TOAI: Unafurahi eh? Nilitaka nikuletee nakala, lakini—

MAMA SABA: Toai, Nane yuko hapa.

TOAI: Mzee Nane wa ng'ambo ya mfereji? Msalimie sana! Mwambie leo namtaja ukumbini. Wa kwanza kufuata! Mabwawa yote matatu kayatia soya, bila hata kungoja mkutano—

MAMA SABA: Usimtaje.

TOAI: Kwa nini? Mtu mwenyewe anapenda sifa yule.

MAMA SABA: Kaja na bata wawili, na bakuli.

TOAI: La mchuzi?

MAMA SABA: La maji. Ndani kuna kamba watatu. Mmoja hana miguu upande mmoja, mwingine hana mkia. Yule wa tatu kanishikia kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Saba, angalia mgongoni." Utumbo mweupe, Toai. Hamna kitu ndani. Siku ya arobaini na tano, na ni wadogo kama kidole changu cha mwisho.

TOAI: Pangaboi za maji anaziwasha? Labda hewa haitoshi.

MAMA SABA: Anaziwasha. Zimezimika mara moja tu, umeme ulipokatika, akakoroga maji kwa mikono, yeye na mkewe.

TOAI: Chumvi basi. Mvua imezidi, chumvi imeshuka—

MAMA SABA: Mimi na yeye tunatumia mfereji mmoja.

TOAI: Anawapa kingi mno? Chakula kikibaki kinaoza—

MAMA SABA: Kinabaki chote! Ungo unashuka umejaa, unapanda umejaa. Chini kumekuwa kweusi, kunanuka mayai viza. Usiku wakijivua gamba, wenzao wanawatafuna. Na yeye anaifuata karatasi yako ya maelekezo kama maandiko matakatifu. Si uliandika, "usiongeze kitu chochote"? Basi haongezi. Nilimkuta anaosha mikono kabla ya kushika chakula, eti asije akaharibu.

TOAI: Mama Saba...

MAMA SABA: Mara tatu kaniuliza ana kwa ana. "Saba, una siri gani?" Mara tatu! Unajua nilimjibu nini?

TOAI: Sijui.

MAMA SABA: "Siri ni usafi." Mimi! Mdomo huu huu unaokula mboga kwa nadhiri! Akaenda kufagia ukingo wa bwawa. Mtu wa miaka sitini na tatu, kainama anafagia matope, kwa sababu mimi nimesema usafi.

[Mlango unafungwa. Kelele za wageni zinapungua.]

TOAI: Umetoka nje?

MAMA SABA: Nimeingia stoo. Sikiliza, na usinikatize. Wale kamba wa bwawa la pili niliwatilia.

TOAI: Uliwatilia nini?

MAMA SABA: Mafuta ya ngisi.

[Mtandao unakwaruza.]

MAMA SABA: Toai? Upo?

TOAI: Nipo.

MAMA SABA: Vijiko viwili kwa kilo ya chakula. Tangu wiki ya tano. Kopo liko hapa stoo, nyuma ya gunia la mchele, nililifunika kwa kitambaa cha zamani. Nilikuwa nachanganya kwenye beseni kabla hujaamka, na mchana ukienda kupima maji. Unakumbuka ile siku ya ungo?

TOAI: Zilikuwa nyingi.

MAMA SABA: Ile ya wiki ya tano. Ulivuta ungo, chakula kimebaki vile vile. Kamba walikuja, wakakipapasa kwa sharubu, wakaenda zao. Kama mgeni aliyepakuliwa asichokijua. Ukakaa kwenye ubao, ungo mapajani, maji yanakuchuruzika suruali yote. Ukasema, "Baba atanionaje?"

TOAI: Nilisema hivyo?

MAMA SABA: Ulisema. Na chakula cha mchana hukula. Na kesho yake hukula. Nikajiambia, huyu mtoto atanifia mkononi, na mama yake yuko mbali. Halafu— utanicheka—

TOAI: Sicheki.

MAMA SABA: Niliwahurumia na wale kamba. Kijiji kizima kilikuwa kinawaita watawa, kwa kuwa hawagusi samaki. "Saba, kamba wako wameshanyoa vichwa? Saba, watawa wako wanasali saa ngapi?" Mimi nikacheka na wenzangu. Lakini mboga mimi nilizichagua. Nilimwekea marehemu nadhiri akiwa mgonjwa kitandani. Kaondoka, nadhiri imebaki, sawa, ni yangu. Wale kamba nani aliwauliza? Nani alikwenda bwawani akawauliza kama wanataka kufunga? Nikasema niwape japo harufu. Harufu tu, wafurahi. Basi wakala. Ungo ukapanda mweupe, hata punje haikubaki. Na wewe ukala.

TOAI: Kwa nini unaniambia leo?

MAMA SABA: Eh?

TOAI: Mwezi mzima nimeandika ile karatasi. Mwezi mzima ungepiga. Kwa nini leo, Mama? Nimebakiza mtu mmoja mlangoni! Baba yangu kakaa pale na shati la kuazima!

MAMA SABA: Nilijua utakasirika. Una haki—

TOAI: Sijakasirika, ila kwa nini leo?

MAMA SABA: Toai.

TOAI: Naam.

MAMA SABA: Mbona hushtuki?

TOAI: Nimeshtuka.

MAMA SABA: Hapana. Nimelea watoto watano, nakijua kishindo cha mtoto akishtuka. Mtu akiambiwa hivi anauliza, "Ulifanyaje? Kopo gani? Unasema kweli?" Wewe umeniuliza kwa nini leo.

TOAI: Mama, wananiita karibu—

MAMA SABA: Chakula si mlikipima maabara? Huko Can Tho, kwenye ile mashine mliyosema inaona kila kitu. Ngisi haikumwona?

TOAI: Ilipimwa.

MAMA SABA: Ikaona nini?

TOAI: Soya.

MAMA SABA: Soya tu? Na kila kilo ina vijiko viwili?

TOAI: Nilichukua cha kwenye gunia lililoshonwa.

MAMA SABA: Na beseni lilikuwa hapo hapo, limejaa. Hatua mbili kutoka kwenye gunia.

[Mtu anapiga makofi mbali, ukumbini.]

MAMA SABA: Ulijua.

TOAI: Ulikuwa unanuka ngisi, Mama Saba.

MAMA SABA: Mimi?

TOAI: Mikono, kitambaa cha kichwa, mpaka wali. Mla mboga wa miaka mitatu, ananuka ngisi kuliko soko la Ganh Hao. Nilikuuliza, ukasema umetoka kununua sadaka ya mzimu wa ardhi.

MAMA SABA: [Anacheka kidogo, anaacha.] Mzimu gani anakula ngisi kila siku mara nne.

TOAI: Nikauinua ungo, nikaunusa. Wiki ya sita. Nilisimama pale na ungo puani. Mimi ni mtoto wa wavuvi, harufu ya ngisi naijua kabla ya kuzijua herufi. Nikaushusha ungo majini. Nikaandika, "Ungo mweupe, hamu nzuri." Nikaenda kula. Ulikuwa umepika mchicha na uyoga, nikaomba niongezwe.

MAMA SABA: Nakumbuka. Nilifurahi.

TOAI: Wiki ile nilijiambia, nitamuuliza kesho. Halafu nikajiambia, labda ni pua yangu. Siku ya kuchukua sampuli nilisimama katikati ya beseni na gunia. Na kisu nilikuwa nacho mkononi. Nikachana gunia jipya.

MAMA SABA: Mwanangu.

TOAI: Nilitaka iwe kweli! Unajua baba anavua nini siku hizi? Wavu unapanda na samaki wa urefu wa njiti ya kiberiti. Kilo kwa kilo. Changu, vibua, kila kitu, ila ni watoto. Wote wanakwenda kusagwa wawe unga, unga uwe chakula cha kamba. Anasema, "Toai, tunawavua wajukuu kabla babu hajaoa." Nilimwahidi. Nilimwambia, baba, kamba watakula soya, bahari itapumzika. Nilishamwahidi kabla sijashusha hata ungo mmoja.

MAMA SABA: Na mimi nikakupa ahadi yako kwenye kijiko.

TOAI: Si kosa lako.

MAMA SABA: Usianze. Hilo la nani mkosaji tutaligawana baadaye, liko kubwa, linatutosha wote wawili. Sasa hivi nijibu: wakisoma ukurasa wa nne, watafanya nini?

TOAI: Kuna fomu mezani. Anayetaka soya msimu ujao anasaini. Mwenyekiti mmoja keshasema kitongoji chake kizima kinasaini. Mabwawa arobaini.

MAMA SABA: Bila ngisi.

TOAI: Bila kitu. "Usiongeze kitu chochote."

MAMA SABA: Akina Nane arobaini, wanafagia matope.

TOAI: Naweza kusema tu... naweza kusema waongeze mafuta kidogo. Niseme ni ushauri. Mstari mmoja mwishoni, hakuna atakayeuliza.

MAMA SABA: Vijiko viwili vinatosha?

TOAI: Labda.

MAMA SABA: Vilipimwa?

TOAI: Havikupimwa.

MAMA SABA: Kijiko chenyewe ni kile cha supu, kimepinda. Siku nyingine mkono wangu ulikuwa mzito, siku nyingine mwepesi. Nikiwa na huzuni ya marehemu nilikuwa natia vitatu. Huo ndio ushauri?

TOAI: Basi unataka nifanye nini?

MAMA SABA: Waambie.

TOAI: Mbele ya baba?

MAMA SABA: Hasa mbele ya baba.

TOAI: Na wewe je? Mzee Nane yuko sebuleni kwako, ana bakuli mkononi, mbona hujamwambia? Umeona ni rahisi kunipigia mimi, niko mbali kilomita arobaini! Nisamehe.

MAMA SABA: Usiombe radhi, umenipata. Ni kweli. Nimepiga ili uniambie, "Mama, si kitu." Nikawashe ubani na roho nyepesi. Tangu alfajiri nasimama mbele ya picha ya mume wangu, njiti mkononi, ananitazama kama alivyokuwa ananitazama nikificha andazi. Natoka, narudi. Binti yangu anadhani nina homa.

TOAI: Wewe kwanza, basi.

MAMA SABA: Kwa nini mimi?

TOAI: Kwa sababu nikisikia umeweza, na mimi labda nitaweza.

MAMA SABA: Ukubwa jalala. [Anavuta pumzi.] Haya. Simu naiweka hapa kwenye rafu. Usikate.

TOAI: Sikati.

MAMA SABA: [Kwa mbali.] Kaka Nane! Kaka Nane, njoo huku stoo. ... Hapana, bata waache, njoo wewe mwenyewe. ... Karibu, angalia kichwa, mlango mfupi. Nisaidie kusogeza hili gunia. ... Hapo. Chukua hilo kopo. Lifungue. Linuse. ... Unaijua harufu hiyo? ... Ndiyo. Bwawa la pili. Kila siku, mara nne. ... Hakuna usafi, kaka. Nilikudanganya. Mara tatu nilikudanganya, uliponitazama usoni. ... Sema basi! Nitukane, nitapokea!

[Jogoo anawika.]

TOAI: Mama? Amesema nini?

MAMA SABA: [Anarudi kwenye simu, sauti ya chini.] Hajasema. Ananusa tu. Analigeuza kopo, anasoma tarehe.

TOAI: Ana hasira?

MAMA SABA: Afadhali angekuwa nayo. Anauliza vijiko vingapi.

TOAI: Mwambie hatukupima. Mwambie... mwambie hivi. Chakula cha soya aache leo hii, arudishe kile cha zamani, kidogo kidogo. Maji ya chini ayatoe robo kwanza. Na kwamba sijui. Mwambie Toai kasema hajui.

MAMA SABA: [Kwa mbali.] Toai anasema uache soya leo leo, urudi kwenye kile cha zamani pole pole, na utoe maji ya chini robo. ... Na anasema hajui. ... Ndiyo, yeye mwenyewe. Yuko hapa kwenye simu. ... Unataka kusema naye? ... Kaka Nane? Angalau ukae ule! Nimekuwekea kichwa cha samaki, unakipenda! Kaka!

TOAI: Vipi?

MAMA SABA: Kaondoka.

TOAI: Na kopo?

MAMA SABA: Kaliacha. Kaliweka juu ya gunia, taratibu, na kifuniko kakifunga. Bakuli lake la kamba kaliacha pia. Hajala, Toai. Kutoka ujana wao, yeye na marehemu, hajawahi kutoka nyumba hii bila kula. Leo, siku yake ya kumbukumbu, kapita mbele ya picha, kainamisha kichwa, kavaa ndala, huyoo.

TOAI: Pole, Mama.

MAMA SABA: Usinipe pole. Ningeweza kusema siku arobaini zilizopita. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi yangu nimeyafichia kwenye bwawa la mwenzangu. [Anapenga kamasi.] Nimekwisha sema. Zamu yako.

TOAI: Mtu wa mbele yangu anamaliza. Wanapiga makofi.

MAMA SABA: Nayasikia.

TOAI: Miguu haitaki.

MAMA SABA: Na mkono wangu haukutaka. Iambie tu imeniona nikienda, nayo iende.

TOAI: Mwalimu wangu ataniua. Shahada sina tena.

MAMA SABA: Labda.

TOAI: Ungesema hapana, jamani! Ungesema, "Watakuelewa, mwanangu."

MAMA SABA: Uongo nimeuacha sasa hivi tu, nipumzishe. Sijui kama watakuelewa. Ukikosa pa kwenda njoo huku, mabwawa yapo, na mchicha upo. Na ungo utashusha upya, kwa soya yako, na safari hii kijiko tutakipima mbele ya watu. Hilo ndilo ninaloweza kukuahidi. Nikiwa hai.

TOAI: Wameniita.

MAMA SABA: Nenda.

TOAI: Nitaweka simu mfukoni, mfuko wa shati. Usikate. Sitaki kuwa peke yangu.

MAMA SABA: Sikati. Kaza tai.

TOAI: Baba kanipungia mkono.

MAMA SABA: Mpungie na wewe. Nenda, nenda!

[Nyayo. Makofi. Kitambaa kinakwaruza. Kipaza sauti kinapiga mluzi.]

TOAI: [Kwa mbali.] Wazee wangu... mama zangu... baba. Shikamooni. Kabla sijaanza naomba fomu zile zilizoko mezani zifunikwe kwanza. Asisaini mtu.

MAMA SABA: [Anajinong'oneza.] Vizuri. Pole pole.

TOAI: [Kwa mbali.] Mna karatasi mkononi. Ukurasa wa nne, ule mstari wa kijani. Mstari ule si wa soya. Bwawa la pili lilikuwa na mafuta ya ngisi kuanzia wiki ya tano. Niliyanusa mwenyewe. Nikanyamaza miezi mitatu.

[Minong'ono. Kiti kinaburuzwa.]

MAMA SABA: Nani huyo kasimama? Ni baba yake? Toai, ni baba yako?

TOAI: [Kwa mbali.] Baba, kaa. Tafadhali kaa, nimalize. ... Naomba ukurasa wa nne muuchane. Wote, mpaka chini, na jina la Bi Huynh Thi Suong mlichane, kwa sababu yule mama hana kosa, alinihurumia tu, kosa ni la—

MAMA SABA: Nani hana kosa? Wewe! Toai! Jina langu wasilichane!

TOAI: [Kwa mbali.] —ni langu mimi peke yangu, na wanakijiji wasimnyooshee kidole—

MAMA SABA: Liacheni jina hapo hapo! Toa simu mfukoni, weka kwenye kipaza sauti, niseme nao! Waambie ni Suong ndiye—

[Sauti ya mtandao: Mteja, salio lako halitoshi kuendelea na simu hii.]

MAMA SABA: Haloo? Toai? Haloo?

[Mlio wa simu iliyokatika.]

MAMA SABA: Ni mimi niliyetia.